Vivuli vya Barabara ya Curumaní

Curumaní, Alhamisi 12 Juni 1986

Rosalbina wangu, shoga yangu wa milimani,

Niko hai, nina furaha, na nimenenepa. Nimeanza na hayo matatu usije ukasema Yolima ameolewa akasahau kutoa habari. Leo mwezi mmoja na siku mbili! Edilberto ananiuliza, "Yoli, utahesabu mpaka lini?" Namwambia mpaka namba ziishe. Basi anacheka, na akicheka huyu mwanamume hata sufuria ukutani zinacheka naye. Asubuhi akiondoka na lori la matikiti hupiga honi mara mbili pale konani, na mimi nabaki nimesimama na kijiko mkononi kama sanamu. Mama mkwe wangu, doña Nelcy, anasema tangu niingie nyumba hii hajala ndizi ambayo haikuungua.

Barua yako ya maswali nimeipata. Unataka kujua barabara ya kutoka San Alberto mpaka kwangu ikoje, ili mpange siku ya mwisho ya safari. Mpenzi, hiyo si barabara, ni zulia! Tambarare kabisa, hakuna kilima hata cha kumchosha kuku. Huku miti, huku miti, na vivuli vimejilaza katikati ya lami kama paka. Upepo unakupapasa uso, una harufu ya majani yaliyolowa. Tulipita hapo asubuhi, siku ya tatu baada ya harusi, dirisha wazi, kichwa changu kiko begani kwake, nikawaza: laiti wenzangu wangekuwa hapa na baiskeli zao, wangesinzia juu ya tandiko.

Jambo moja tu linaniuma. Mtakuwa wanne, na tulipanga tuwe watano. Sanduku la kukusanyia miwani kuukuu nililipaka rangi mimi, na sasa litapita mji baada ya mji bila mimi. Jumapili iliyopita niliamka saa kumi na moja bila kuamshwa na mtu, mikono ikaanza kutafuta magazeti. Unakumbuka? Don Temístocles anatupanga foleni na baiskeli zetu kabla ya mteremko, anatusokomeza magazeti ndani ya fulana tusigande kifua. "Ukurasa wa michezo mbele, matangazo ya vifo nyuma, ili kifo kisiwaone mkipita." Na ile redio yake aliyoifunga kwenye usukani kwa kamba ya kiatu, inapiga kelele za mashindano ya Ulaya, na sisi tunapanda mlima tunajifanya ndio tunaotangazwa. Wewe ulikuwa lazima ushinde. Mimi nilikuwa lazima nianguke, nikinyanyuka nipewe maji ya moto ya sukari guru mlangoni kwa mama yako.

Yeye mama bado anafuma kwa kupapasa? Mwambie mtamrudia na macho ya nusu ya mkoa wa Santander. Kila nyumba ina miwani ya marehemu fulani droo ya chini, haina kazi, na Nobsa kuna wafumaji ishirini wasioona uzi.

Mpige busu don Temístocles mashavu yote mawili. Njooni! Nitawapikia mpaka mshindwe kufunga mikanda.

Wako mwenye raha isiyo na aibu,
Yolima


Nobsa, Ijumaa 20 Juni 1986

Yolima,

Barua yako imesomwa kwa sauti mbele ya karakana nzima. Nilipofika kwenye kichwa na bega niliruka mistari kwa heshima ya wazee, lakini Nepo aliinyakua akaisoma yote, tena kwa sauti yako. Lisandro, ambaye ni kaka yake na ana akili kidogo kuliko yeye, akauliza kama huko kwenye joto watu wote wanaoana hivyo. Unaona ulivyotuacha na watu gani.

Mama anapapasa, ndiyo. Wiki iliyopita alitia mstari mwekundu mahali pa kijivu. Mteja aliivaa ile ruana, joho letu la sufu, akashukuru, akaondoka kimya, na mama akajua kwa ule ukimya. Aliketi akashika mapindo ya sketi yake kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kwa hiyo usinifanyie mzaha kuhusu miwani. Lazima tufike mwisho, na lazima miwani ifike nzima.

Sasa mpango. Tulitandaza ramani juu ya kitanda cha kufumia, don Temístocles akaipima kwa uzi wa sufu. Kutoka San Alberto mpaka kwako ni kilomita mia moja na sabini na kitu. Nikasema, ndefu hiyo, tuigawe siku mbili. Akanitazama kama niliyetukana kanisani.

"Ndefu kitu gani, sumercé? Barabara inapimwa kwa kwenda juu. Hii haipandi popote. Na Yolima anasema ina vivuli. Hii ni siku ya mapumziko yenye magurudumu."

Tukakubali, maana hata mimi sijawahi kuchoka mahali ambapo hapapandi. Basi tumeunganisha siku mbili kuwa moja. Na sanduku la miwani, ambalo tulimkataza kulibeba milimani akanuna siku tatu, atalibeba siku hiyo. Anataka aingie Curumaní akiwa nalo mgongoni. Ana miaka sitini na tatu, Yolima, na anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho. Barua yako imempa nafasi.

Tunaondoka Nobsa Jumatatu tarehe 30. Jumatano tutakuwa San Gil, Jumamosi San Alberto, kote tunalala nyumba za mapadri, andika huko. Jumapili tarehe 6 tunasikiliza misa, tunaondoka saa tatu jua likishaikausha barabara, jioni tuko mezani kwako. Mwambie shemeji aandae lori la kuturudisha.

Uliondoka na pampu yangu.

Rosalbina Cely


Curumaní, Jumapili 29 Juni 1986

Rosalbina mpenzi,

Kesho! Kesho mnaondoka! Nimeshinda naimba mpaka doña Nelcy ameniuliza kama huko kwetu kuna radi ya namna hii. Pampu nimeiona, imo kwenye sanduku la mashuka. Nikiishika inanukia karakana yenu, mafuta ya kondoo na moshi wa mkalitusi, nikaivuta harufu kama mjinga.

Nimempikia Edilberto samaki, na hapa mezani namsomea barua yako. Anapenda sana nikisoma. Anasema nasoma kama mtu anayekula embe...

Jumatatu 30, mchana.

Rosalbina, jana niliiacha barua katikati na leo naandika kwa haraka. Tumeshauriana hapa nyumbani. Hali ya hewa imebadilika kidogo. Joto limezidi kidogo kuliko nilivyosema, na vivuli navyo si vingi kama wakati ule. Si vizuri mje siku moja. Kwa kweli si lazima mje mpaka hapa. Malizieni San Alberto, pana kanisa zuri, na Edilberto atakuja huko na lori kuwachukua ninyi na miwani. Chakula nitawatumia.

Usinielewe vibaya. Nawapenda. Ni joto tu.

Msalimie don Temístocles, umwambie sanduku asilibebe.

Yolima


San Gil, Jumatano 2 Julai 1986

Bi Yolima,

Barua yako nimeikuta hapa kwa padri. Nimeisoma mara mbili kisha nikawasomea wenzangu, tukiwa tumekaa ngazini, miguu ndani ya beseni moja.

Tarehe 12 vivuli vimelala kama paka. Tarehe 30 paka wameondoka. Miti huko kwenu ina miguu?

Nepo ndiye aliyesema, mimi nilikuwa nimeshafikiria: "Ametuonea haya." Wala sikulaumu. Umeingia kwenye ukoo wenye lori na meza ndefu, na sisi tutafika tunanuka, na ruana zetu, na kumwita kwetu kila mtu 'sumercé', na don Temístocles anavyotoa meno yake anapokula mahindi. Lakini ungesema hivyo. Tungeelewa. Kuniambia kuna "kanisa zuri" San Alberto, mimi ambaye nilikushika nywele ukitapika kwenye mlima wa Arcabuco! Chakula utatutumia! Kama wafungwa!

Don Temístocles aliikunja barua yako akanirudishia, akasema, "Tulimwahidi mtoto tutafika." Tena hapo wewe ndiye mtoto.

Safari yenyewe, kama unataka kujua, inakwenda vizuri. Moniquirá mjane mmoja alileta miwani ya mume wake imefungwa kwenye leso. Akaivaa kwanza, akatutazama wote mmoja mmoja, akasema, "Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiona," akaivua akatupa. Ungekuwapo ungelia kwa niaba yetu sote, na sisi tungekucheka, na ingekuwa nafuu.

Mpango ni uleule. Jumapili, saa tatu. Kama mlango utakuwa umefungwa tutakula tulichobeba, tutalala kituo cha basi, Jumatatu tutapanda gari kama watu wengine.

R. Cely


Curumaní, Ijumaa 4 Julai 1986

Rosalbina,

Barua hii anaileta Chepe, dereva wa basi. Nimemwapisha aikabidhi kwa padri wa San Alberto kesho kabla hamjafika. Nimekwenda kupiga simu, laini ya huko imekufa tangu dhoruba ya juzi. Edilberto yuko Barranquilla na mzigo mpaka Jumapili usiku. Doña Nelcy ana homa kali na mimi ndiye pekee wa kumshika. Kwa hiyo ni karatasi hii tu. Isome yote hata kama umenikasirikia. Nikasirikie ukiwa unasoma.

Mlango haujafungwa. Sijawaonea haya. Niliyemwonea haya ni mimi mwenyewe, na ndiyo maana nikasema uongo mara ya pili ili kuufunika wa kwanza.

Jumapili ile nilipomsomea Edilberto barua yako, nilifika kwenye "saa tatu" akaweka kijiko chini.

"Saa tatu wanaondoka au saa tatu wanafika?"

"Wanaondoka."

"Na nani kawaambia kuna vivuli?"

"Mimi."

"Uliviona wapi?"

"Tulipokuja."

Akanitazama kwa upole, Rosalbina, ingekuwa afadhali angenifokea. "Yoli, tulipokuja mvua ilikuwa inanyesha tangu Aguachica. Na wewe hukuitazama barabara hata mara moja."

Ni kweli. Nilimtazama yeye. Saa zile zote nilikuwa nahesabu vidoadoa kwenye mkono wake wa usukani. Mtu akiniuliza leo kulikuwa na miti au na ngamia, sijui. Ulipouliza barabara ikoje, nilikaa mezani nikaandika jinsi nilivyokuwa mimi, nikaiita barabara.

Kesho yake alinipeleka na lori saa sita mchana, akaegesha katikati ya tambarare, akaniambia shuka. Nilishuka. Lami ilinivuta kandambili. Hakuna mti. Kuna nyaya za umeme, na kivuli cha waya kina upana wa kidole. Upepo upo, lakini unatoka kwenye tanuri. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikarudi garini nikajifungia. Halafu nikakuandikia "joto kidogo".

Na kuna mengine sikukwambia. Wiki ya kwanza hapa nilizimia sokoni saa nne asubuhi, nikaamka nimezungukwa na wauza samaki wananiita "yule wa baridi". Saa nane mchana huwa nalala sakafuni kwenye sementi na kulia, kwa sababu nakumbuka umande ulioganda kwenye majani ya viazi, na wewe unapuliza mikono yako. Halafu nanawa uso, maana Edilberto akirudi akiniona atadhani amenikosea, na hajanikosea chochote. Ndiyo maana barua zangu ni tamu. Niliogopa nikikwambia jambo moja baya utasema, si ungebaki.

Sasa sikiliza. Doña Nelcy ananitajia kutoka kitandani, na homa yake, vivuli vya kweli vya barabara hii. Ni vichache mno.

Ondokeni saa kumi alfajiri. Si saa tatu! Huku jua halikaushi barabara, huku jua linapika. Saa mbili muwe Aguachica, mkae chini ya bati la muuza juisi mkabala na kituo cha mafuta, na msitoke hapo mpaka jioni. Au mlale hapo. Mkikaidi mkatoka, jueni hakuna kitu mpaka daraja refu la chuma. Baada ya daraja, mkono wa kulia, nyumba peke yake yenye mlango wa buluu. Ni ya binamu yake doña Nelcy, anaitwa mama Enilda. Ametumiwa habari kwa basi la leo. Ana birika kubwa la kunyweshea ng'ombe, limejaa maji, na banda.

Sanduku libebwe na Nepo. Yule mzee hajui kusema amechoka. Hajawahi kusema. Unakumbuka siku aliyovunjika kidole cha mguu akakanyaga pedali mpaka nyumbani huku anatuhadithia kuhusu mbwa wake? Mlimani mwili unakwambia, kwa sababu baridi inakuuma. Hapa haukwambii. Hapa unasinzia tu.

Nimewaita kwenye njia mbaya kwa barua nzuri. Nipe adhabu yoyote, lakini nifikishie huyo mzee.

Yolima


San Alberto, Jumamosi 5 Julai 1986, baada ya chakula cha jioni

Binti Yolima,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe, mumeo na mama mkwe wako. Sisi wanne ni wazima. Nampa dereva wa basi la alfajiri.

Ilikuwapo bahasha yako hapa. Rosalbina ameitia mfukoni mwa fulana bila kuifungua. Nimemwambia, fungua, mtoto ametumia muda wake. Akanijibu, "Nitaifungua nikishaosha miguu nyumbani kwake." Unamjua. Ana moyo mwema, ila ameukunja kama ngumi tangu siku ya harusi yako. Alicheza dansi na kila mtu siku ile, kisha akaenda kukaa nyuma ya mazizi na baiskeli yako. Mimi nilimwona. Yeye hajui.

Leo nimeona mto usiokimbia kwa mara ya kwanza maishani. Unakaa tu, kama bakuli la supu. Padri wa hapa anatushauri tuondoke alfajiri. Nimemwambia kwa heshima kuwa alfajiri ni ya wakamua ng'ombe, mwendesha baiskeli hungoja jua. Amecheka na kunifanyia ishara ya msalaba.

Nitakwambia kitu kwa kuwa kesho patakuwa na kelele za kusalimiana. Ulipokuja kwangu ulikuwa na miaka kumi na minne, umekalia baiskeli ya kaka yako, miguu haifiki. Nikawaambia watu huyu hatadumu Jumapili mbili. Ulidumu miaka tisa. Sikuwa na mtoto, kama ujuavyo. Jumapili zilinitosha. Sasa nafuma nazo kichwani nikiwa natembea, na mara nyingine nasahau nani alikuwa mbele na nani nyuma, lakini wewe nakuona daima umelala mtaroni unacheka.

Sanduku limejaa mpaka halifungi. Kesho nitakuletea mwenyewe.

Akupendaye kwa heshima,
Temístocles Chaparro


Pailitas, Jumatatu 7 Julai 1986

Yolima,

Naanza na unalolitaka: yuko hai. Amelala kitanda cha pili kutoka dirishani, anabishana na muuguzi.

Sasa nitakwambia yote, mara moja, kisha nisiulizwe tena.

Tuliondoka saa tatu. Aguachica tulifika saa sita hivi, tukapita bila kusimama, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kasi na tunacheka. Tambarare, Yolima! Mtu anajiona bingwa. Don Temístocles alikuwa mbele na sanduku, anaimba. Baadaye akaacha kuimba. Nikafurahi, maana unaijua sauti yake. Tulivuka daraja la chuma. Nikamfikia ubavuni nikaona uso wake mkavu kabisa, hauna tone la jasho, na sisi watatu tumelowa. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Rosalbina, kwa nini umande haujayeyuka leo?"

Halafu akainama upande wa kulia, polepole, kama anayeweka kitu chini. Alilivuta sanduku toka mgongoni, akaanguka amelikumbatia.

Nepo na Lisandro walishika ruana pembe nne juu yake kupata kivuli, wakawa wanalia wote wawili bila kuachia pembe. Mimi nilipiga magoti kwenye lami, goti limeungua, nitakuonyesha. Nikatafuta kitu cha kumpepea. Mfukoni mlikuwa na bahasha yako tu, imelowa kama kitambaa. Nikampepea nayo. Ikachanika mkononi, ukurasa ukatoka, nikaona "daraja". Nikaona "mlango wa buluu". Nikainua kichwa, na mlango wa buluu ule pale, hata mita mia nne hazikufika. Ningeupita, Yolima. Nilikuwa namtazama yeye, sikuwa naangalia nyumba.

Tulimbeba. Mama Enilda alikuwa amekaa kibarazani na taulo magotini.

"Mmechelewa," akasema. "Nimewangoja tangu saa mbili asubuhi. Mtupeni humo."

"Mama, ni mzee..."

"Mzee na nguo zake na viatu vyake. Mtupeni, we cachaca wa milimani, unangoja padri?"

Tukamlaza kwenye birika la ng'ombe. Maji yalimfika shingoni. Mama Enilda akamnywesha ndimu na chumvi na sukari guru kwa kijiko, anamtukana kila kijiko, "Kunywa, mkaidi, kunywa, kichwa cha kondoo." Baada ya muda mrefu kuliko unavyoweza kufikiri mzee alifumbua macho akamwambia, "Bibi, birika lako lina mbolea." Mama Enilda akaketi chini akafanya ishara ya msalaba. Lori la maziwa likatuleta hapa Pailitas. Daktari anasema mpaka kesho yuko kitandani, na baiskeli basi, hatapanda tena, wala si ya kwenda dukani. Alisikia. Aligeukia ukutani. Nilidhani amelala, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Anasema tu, "Nilimwambia nitalileta mwenyewe."

Hakuna hata kioo kimoja kilichovunjika.

Barua yako nimeisoma sasa mara nne, imekaukia dirishani, maneno mengine yamefutika. Una kosa, na nalisema. Kuandika uongo mtamu kwa watu wanaokuamini ni kosa. Lakini bahasha niliyoibeba mfukoni kilomita mia moja bila kuifungua ni kosa langu. Ulisema kweli na nikaikalia. Nilisema umetuonea haya, kumbe haya yalikuwa yangu, nikakuvisha wewe. Sikukasirika San Gil. Nilikasirika kanisani, ulipotoka umemshika mkono na hukugeuka nyuma. Nilitaka ugeuke mara moja tu.

Nina ombi. Usiniandikie tena barua ya sukari. Niandikie ndizi zilizoungua, na sakafu ya sementi, na wauza samaki. Raha yako niandikie pia, ila iwe na uzito wake. Sijui niseme nini na mtu asiyekosa kitu. Mtu anayelia saa nane mchana namjua, nimekaa naye miaka tisa.

Kesho alfajiri sisi watatu tunamalizia zilizobaki, kilomita kama thelathini na tano. Sanduku sijui nani alibebe. Hakuna anayetaka kulishika mbele yake.

Rosalbina


Curumaní, Jumatatu 7 Julai 1986, jioni

Rosalbina,

Chepe anangoja nje, injini inawaka.

Barua ya don Temístocles niliipata Jumapili saa nne asubuhi. Nilipofika mahali pa bahasha mfukoni, nilitoka nikakaa kando ya barabara kutwa nzima, natazama upande mnaotokea. Hapakuwa na mtu. Nilijua mmeondoka saa tatu. Kila basi lililopita nilisimamisha, "Mmeona baiskeli?" Mmoja akasema ameziona nne zimelazwa chini kando ya daraja. Hakusema zaidi. Nimekaa na neno hilo kuanzia jioni ile mpaka Chepe aliponipa barua yako leo mchana. Edilberto alikuwa amekwenda na lori kuwatafuta usiku uleule, kwa mama Enilda akakuta pamefungwa, na hakujua mko hospitali. Amerudi sasa hivi, macho mekundu.

Basi, bila sukari. Nampenda. Na hapa ni joto, na nimekonda ingawa nilikwambia nimenenepa, na doña Nelcy amepona, na ananifundisha kulala mchana na mlango wazi. Nina raha, na nimewakosa mpaka meno yanauma. Sikujua kama yote hayo yanaweza kukaa kwenye karatasi moja. Siku ya harusi sikugeuka kwa sababu nilijua uko wapi umesimama. Ningegeuka nisingepanda lile lori.

Kesho saa kumi alfajiri nitakuwa mlangoni pa hospitali. Edilberto ananileta. Nimechukua baiskeli ya doña Nelcy, ni ya kubebea maziwa, nzito kama ng'ombe mwenyewe, breki ni moja. Don Temístocles atakaa mbele kwenye lori, sanduku juu ya magoti yake, na Edilberto ameapa kuendesha nyuma yetu polepole kama anayebeba mayai, mpaka mezani kwangu. Mwambie. Akikataa mwambie mimi ndiye niliyeomba, na kwamba nimelia.

Msiondoke bila mimi. Sijapanda baiskeli tangu Mei, miguu imelegea, nitawachelewesha. Msinikimbie.

Yolima